Springi ya Upande wa Kulia

Wepukhulu ameingia chini ya gari, nimebaki naongea na miguu yake.
"Mama, hizi springi zimechoka," inasema miguu.
Nami najibu zimechoka tangu mwaka ule wa maporomoko,
tangu magunia ya viazi, tangu saruji ya kanisa,
tangu ng'ombe wa mahari aliyepanda amekasirika
akashuka ametulia kuliko sisi.

Karakana hii ya Mbale inanuka grisi na chapati.
Nimeteremsha Landikruza usiku kutoka Kortek,
kwa sababu lami imefika Suam, ndiyo,
lakini ilipita kwa chini, ikatupungia mkono.
Huku juu tuna udongo unaong'ang'ania tairi kama mdai,
na mawe yaliyolala katikati ya njia
yakijua kabisa urefu wa tumbo la gari langu.

Nataka inchi mbili.
Nimeuza karoti za misimu miwili kwa inchi mbili.

Anazifungua yu-bolti. Zimeshika kutu, hazitaki.
Anazipaka dizeli, anazingoja, anazitukana kwa Kigisu, polepole,
kisha bomba refu juu ya spana, uzito wa vijana wawili,
na ukelele mmoja wa chuma
unaomfanya muuza chapati ageuke.

Analaza springi za mbele sakafuni, bega kwa bega,
majani saba huku, majani saba huku.
Ya kushoto bado ina upinde, kama nyusi.
Ya kulia imelala.

"Nani alikuwa anaendesha?"
Mume wangu. Mangusho.
"Alikuwa mtu wa kilo ngapi?"
Nikacheka. Tangu mazishi
hakuna aliyeniuliza juu yake swali lenye jibu.
Mia moja na kumi na nane, nikasema. Kabla ya kula.

Miaka kumi na sita alikaa upande ule.
Mimi nilikaa kushoto, na mtoto, halafu na watoto,
na bado hatukumfikia.
Kortek nzima ilijua gari letu linainama kidogo kulia
kama mtu anayesikiliza kwa sikio lake zima.
Alipokufa nililiendesha hivyo hivyo,
usukani nikiuvuta kushoto
bila kujua ninavutana na nini.

Springi mpya ni nyeusi, zina rangi ya duka bado.
Shokapu ni ndefu, za njano, zinatia haya kwa uzuri
chini ya gari lililopigwa bati mara tatu.
Wepukhulu anarefusha mipira ya breki:
"Ukiinua gari ukaisahau hii, mama,
umejichimbia kaburi lenye mandhari."
Anabadilisha bushi. Anapima kwa futi, kushoto, kulia, tena kushoto.
Sawa.
Najaribu kupanda, mguu haufiki.
Nashika mlango, najivuta, nakaa,
na kiti hakinielemezi popote.

Mfua vyuma wa jirani amekwisha kuja, ananusa kama paka.
Chuma cha springi hutoa panga zuri, kila mtu anajua.
Za kushoto chukua zote, namwambia. Za kulia chukua.
Ila lile jani refu, la juu kabisa, lenye tundu huku na huku:
hilo nipigie langu.
Anauliza mpini wa mti gani. Sikuwa nimefikiria mpini.

Nikapanda mlima siku ya tatu, mvua ikiwa imetangulia.
Gari likaingia mtaroni likatoka,
tairi moja hewani, tatu kazini,
mwili wake ukayumba ukarudi, ukayumba ukarudi.
Kwenye kona ya kwa Cheptoek kuna lile jiwe.
Nikakaza meno kama siku zote,
nikangoja mgongano wake chini ya miguu yangu.

Jiwe halikugusa.
Chini ya kiti, upande wa kulia,
panga likagonga mara moja.